Kurejesha Mbuga za Nyasi Ndefu za Amerika ya Kaskazini: Kinachorudi Mapema, Kinachochelewa na Kinachopotea Tena

Shamba la mahindi la Illinois au Iowa likiachwa kulimwa na kusiwa mbegu za mimea ya asili, mwaka wa kwanza halionyeshi cha kujivunia. Magugu hutangulia, na mwenye shamba hushawishika kuamini kwamba mbegu zake zimeoza ardhini. Mwaka wa pili nyasi huanza kuonekana, mwaka wa tatu hushika ardhi, na kufikia mwaka wa tano mtu anayepita barabarani mwezi wa Agosti huona nyasi zinazomzidi kimo, maua ya njano na ya zambarau yakichomoza katikati yake, akasema kazi imekwisha. Ripoti nyingi za miradi huandikwa wakati huohuo. Makala haya yanahusu yanayotokea baada ya hapo, katika mwaka wa kumi na tano, wa thelathini na wa tisini, kwa sababu huko ndiko inakobainika kama jamii nzima ya mimea imerudi au zimerudi nyasi tu.

Mbuga za nyasi ndefu, ambazo wenyeji wa huko huziita prairi, zilitanda kutoka kusini mwa Manitoba nchini Kanada hadi Texas, katika eneo linalokadiriwa kuwa hekta milioni 68. Kilichobaki leo hakifiki asilimia 4, na sehemu kubwa yake iko katika vilima vya Flint Hills vya Kansas na Oklahoma, ambako mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi yalizuia plau. Kwingineko udongo ulikuwa mweusi, wa kina kirefu na wenye rutuba nyingi, na rutuba hiyo ndiyo iliyouponza. Mhunzi John Deere alitengeneza plau yake ya feleji huko Grand Detour, Illinois, mwaka 1837, na katika muda usiozidi sana umri wa mtu mmoja, mbuga iliyojijenga kwa maelfu ya miaka ikawa mashamba. Iowa imepoteza zaidi ya asilimia 99.9 ya mbuga zake. Illinois ilipofanyiwa ukaguzi wa maeneo ya asili katika miaka ya 1970, mbuga iliyokutwa bado katika hali nzuri ilikuwa takriban asilimia 0.01 ya ile iliyokuwapo, na mara nyingi ilikuwa vipande vidogo vilivyosalimika katika makaburi ya zamani ya walowezi na kando ya njia za reli.

Watu wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, sasa wanaishi Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City, juu ya udongo huohuo ulioachwa na mbuga hizo. Hata nyasi zenyewe si ngeni kabisa kwa mkulima wa Afrika Mashariki: Andropogon gerardii na Sorghastrum nutans, ambazo ndizo kubwa katika prairi, ziko katika kundi moja la kibotania na mahindi, mtama na miwa, pamoja na Themeda triandra inayotanda katika tambarare za Serengeti.

Mita moja ya mraba

Ili kuelewa kinachotafutwa, ni vizuri kuangalia kwa karibu. Ukiweka fremu ya mraba yenye upande wa mita moja juu ya kipande cha prairi ambacho hakijawahi kulimwa, kisha ukapiga magoti na kuhesabu kwa subira, unaweza kupata zaidi ya spishi 20 ndani ya fremu hiyo. Nyasi ndefu zimo, lakini ni mashina machache yaliyotawanyika. Kando yake kuna Sporobolus heterolepis, nyasi ya kichungu, yaani inayoota kwa fungu lililoshikana, yenye majani membamba, na kuna Amorpha canescens, mmea wa jamii ya kunde wenye majani ya rangi ya majivu na mizizi inayoshuka chini sana. Kuna jani kubwa lenye mipasuko la Silphium laciniatum, lililosimama wima huku bapa zake zikitazama mashariki na magharibi ili lipate jua la asubuhi na la jioni na kulikwepa jua kali la adhuhuri. Chini ya yote hayo, karibu na udongo, kuna vimea vidogo ambavyo mpita njia hawezi kuviona, kama Comandra umbellata, ambacho hujitengenezea chakula kwa majani yake lakini pia hunyonya mizizi ya majirani zake.

Ukiihamisha fremu hiyo hadi kwenye eneo lililopandwa miaka kumi na tano iliyopita kwa mbegu za bei nafuu, huenda usipate hata spishi saba. Utakuta vichungu vinene vya Andropogon gerardii, vyenye vichwa vya mbegu vilivyogawanyika vidole vitatu kama mguu wa ndege, na kati ya kichungu na kichungu utakuta tabaka la majani makavu na udongo mtupu. Kwa mbali maeneo haya mawili hufanana, na mtu anayeyapima kwa picha za satelaiti au kwa asilimia ya ardhi iliyofunikwa na mimea anaweza kuyapa alama zilezile. Tofauti iko ndani ya fremu.

Ushahidi wa Madison

Kumbukumbu ndefu kuliko zote za kazi hii ziko Madison, Wisconsin, katika bustani ya utafiti wa mimea ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, kwenye ardhi ya asili ya watu wa Ho-Chunk. Katika uzinduzi wake mwaka 1934, Aldo Leopold, aliyekuwa mkurugenzi wa utafiti wa bustani hiyo, alieleza kwamba lengo ni kujenga upya sampuli ya Wisconsin kama ilivyokuwa hapo asili. Wakati huo wazo hilo halikuwa na mfano wa kuigwa. Hifadhi zilizokuwapo zililinda kilichobaki, na hapakuwa na aliyejaribu kwa kiwango hicho kurudisha kilichokwisha kulimwa na kulishiwa mifugo.

Kazi ya kupanda ilianza kwa nguvu mwaka 1936 chini ya Theodore Sperry, mwanaikolojia kijana aliyekuwa amechunguza mizizi ya mimea ya prairi huko Illinois. Nguvukazi yake ilikuwa vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa ajira wa serikali ya Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Walichimba mimea kwenye mabaki ya mbuga, wakakusanya mbegu, na wakapanda kila spishi katika kipande chake, huku Sperry akiandika na kuchora ramani ya kilichowekwa na mahali kilipowekwa. Ramani hizo zimekuwa hazina. Aliporudi katika miaka ya 1980 kuilinganisha ardhi na karatasi zake, alikuwa na kitu ambacho miradi mingi ya leo haina, yaani uwezo wa kusema kwa uhakika ni spishi ipi iliyong'ang'ania palepale ilipopandwa, ipi iliyosambaa hadi mbali, na ipi iliyotoweka.

Eneo hilo, lenye takriban hekta 30, leo huitwa Curtis Prairie kwa heshima ya John Curtis, mwanaikolojia wa mimea wa chuo hicho, aliyelipatia fundisho lake kubwa la kwanza. Miaka michache baada ya kupandwa, mbuga hiyo changa ilikuwa ikimezwa na Poa pratensis, nyasi ya malisho iliyoletwa na Wazungu. Katika miaka ya 1940 Curtis na mwanafunzi wake Max Partch walifanya majaribio ya kuchoma vipande vya eneo hilo kwa ratiba tofauti, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalionyesha kwamba moto huidhoofisha Poa pratensis, ambayo huchipua mapema kungali na baridi, na kuziachia nafasi nyasi za asili ambazo huamka joto linapoanza. Jambo hili watu wa Ho-Chunk, Potawatomi, Osage na Kaw walilijua kwa vitendo tangu zamani, kwa kuwa walichoma mbuga hizo kwa makusudi kizazi baada ya kizazi. Sayansi ya Marekani ililazimika kulithibitisha upya katika nchi ambayo wakati huo ilihesabu kila moto wa porini kuwa adui.

Karibu na hapo, Henry Greene, mtaalamu wa kuvu na mimea, alianza mwaka 1945 kupanda mbuga ya pili, sehemu kubwa kwa mikono yake mwenyewe, akiuweka kila mmea kwenye unyevu na aina ya udongo unaoupenda. Greene Prairie ilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa kazi bora zaidi za aina yake. Hata hivyo, mji wa Madison na barabara zake uliendelea kukua kandokando, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami yalileta mchanga na virutubisho katika sehemu za chini za bustani. Nyasi vamizi Phalaris arundinacea ikafuata maji hayo na kuziteka sehemu za mabondeni, ikaiangusha mimea iliyokuwa imestawi kwa nusu karne. Mpandaji hakukosea, na mimea haikuwa dhaifu. Kilichobadilika ni maji yanayoingia kutoka nje ya mpaka. Mimi huutaja mfano huu kila ninapoulizwa iwapo mbuga iliyorejeshwa ikishafikisha umri fulani inakuwa salama, kwa sababu hiyo ilikuwa na umri, ilikuwa na ubora, na bado sehemu yake ilipotea.

Kwa nini nyasi ndefu huishinda mimea mingine

Tabia iliyoonekana mara nyingi zaidi katika maeneo yaliyorejeshwa ni hii: idadi ya spishi hupanda katika miaka ya mwanzo, kisha, mahali pasipokuwa na usimamizi mzuri, huanza kushuka kadiri nyasi ndefu zinavyoshika ardhi. Mimea ya maua isiyo nyasi ndiyo huondoka kwanza, na pamoja nayo nyuki na vipepeo wanaoitegemea.

Sababu ni kadhaa na zinasaidiana. Nyasi ndefu za joto hutumia maji na naitrojeni kwa ufanisi mkubwa, hufunga kivuli kufikia katikati ya kiangazi, na mizizi yake hukamata sehemu kubwa ya udongo wa juu. Mashamba yaliyowekwa mbolea kwa miongo mingi hubaki na virutubisho vinavyozinufaisha zaidi nyasi hizo na magugu kuliko vimea vya taratibu vilivyozoea udongo wa asili. Kuchoma kila mwaka mwishoni mwa majira ya kuchipua, ambako hupendwa kwa sababu ni rahisi kupanga na huipunguza mimea ya kigeni, pia huzipendelea nyasi ndefu. Zaidi ya hayo, mbegu zenyewe mara nyingi zilikuwa na upendeleo tangu mwanzo. Mpango wa serikali ya Marekani wa kuwalipa wakulima waache kulima ardhi inayomomonyoka, ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, uliirudishia nyasi ardhi kubwa sana, lakini mchanganyiko wa mbegu uliotumika mara nyingi ulijaa nyasi ndefu chache ambazo huvunwa kwa mashine na kuuzwa kwa bei ya chini. Mbegu za mimea ya maua ni ghali, nyingine huvunwa kwa mkono, na baadhi yake zinahitaji baridi ya miezi kadhaa au kukwaruzwa ganda kabla ya kuota.

Ndiyo maana mchanganyiko wa mbegu wa siku ya kwanza una uzito mkubwa kuliko karibu uamuzi mwingine wowote. Katika nchi iliyolimwa karibu yote, mmea ambao haukusiwa hauna mahali pa kutokea. Hazina ya mbegu iliyokuwa ardhini iliisha baada ya miongo ya plau na dawa za kuua magugu, na kipande cha prairi kilicho karibu kinaweza kuwa umbali wa kilomita nyingi, ng'ambo ya mahindi na soya. Kuongeza mbegu za maua baadaye, juu ya nyasi zilizokwisha kukomaa, mara nyingi hushindwa, kwa sababu miche midogo hufa kivulini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northern Iowa walionyesha kwamba kufyeka nyasi hizo mara kwa mara katika msimu wa kwanza baada ya kusia huiwezesha miche mingi zaidi kuishi, na kwamba faida hiyo huendelea kuonekana miaka kadhaa baada ya ufyekaji kusimamishwa. Njia nyingine ni kuipanda Pedicularis canadensis, mmea mfupi unaonyonya mizizi ya nyasi na kuzipunguzia nguvu, hivyo mwanga ukafika chini.

Robert Betz, profesa wa biolojia wa Illinois aliyetumia miaka mingi kuyatembelea makaburi ya walowezi akitafuta mimea iliyosalimika, aliukabili ugumu huu kwa njia nyingine. Mwaka 1975 alianza kupanda prairi ndani ya duara la mashine ya kuharakisha chembe za atomu katika maabara ya Fermilab, magharibi mwa Chicago. Husimuliwa kwamba alipomweleza mkurugenzi wa maabara, Robert Wilson, kuwa kazi hiyo ingeweza kuchukua miongo kadhaa, Wilson alijibu kwamba basi afadhali ianze siku hiyohiyo. Betz alipanda kwa awamu: kwanza spishi ngumu zinazostahimili magugu na kuiandaa ardhi kwa moto, kisha, baada ya miaka, zile zinazohitaji jamii iliyotulia. Huko Lisle, katika bustani ya Morton Arboretum, Ray Schulenberg alikuwa ameanza tangu 1962 kwa njia ya taabu zaidi: mbegu zilizokusanywa kwenye mabaki ya jirani, miche iliyooteshwa kwenye vitalu, na palizi ya mkono. Eneo lake dogo lina utajiri wa mimea ambao mashamba makubwa yaliyopandwa kwa mashine hayajaukaribia. Sidhani kwamba kila mradi unaweza kuiga palizi ya mkono, lakini ni haki kusema wazi kwamba ukubwa wa eneo na ubora wa jamii ya mimea ni vitu viwili tofauti, na kwamba fedha nyingi zimetumika kununua cha kwanza kwa jina la cha pili.

Udongo una saa yake

Kinachoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo ya prairi. Mizizi ya nyasi ndefu hushuka zaidi ya mita mbili, na ya Silphium laciniatum hufika mita nne na zaidi. Mizizi midogo hufa na kuota upya kila msimu, ikiacha mabaki yaliyojenga ule udongo mweusi uliowavutia walowezi.

Fermilab imekuwa mahali pazuri pa kuuchunguza udongo kwa sababu Betz na waliomfuata walipanda vipande vipya mwaka baada ya mwaka, hivyo mtafiti anaweza kusimama siku moja na kulinganisha udongo uliorudishiwa mimea kwa miaka mitano, kumi au ishirini, pamoja na shamba linaloendelea kulimwa na mabaki ya prairi ya kweli. Julie Jastrow wa maabara ya taifa ya Argonne na wenzake walifanya hivyo. Waligundua kwamba punje za udongo, zile zinazoshikamana kwa nguvu ya mizizi na nyuzi za kuvu na kuufanya udongo unyonye maji bila kumomonyoka, hurudi upesi sana, kwa takriban muongo mmoja. Kaboni iliyopotea kwa kilimo hurudi kwa mwendo mwingine kabisa. Huongezeka mwaka hadi mwaka, lakini makadirio ya muda wa kufikia kiwango cha udongo ambao haujalimwa huenda karne moja au zaidi. Mtu anayeuza mikopo ya kaboni, yaani vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa ardhini, kwa ahadi ya miaka kumi anapaswa kuzisoma takwimu hizo kwa makini.

Kisha kuna viumbe wa udongoni. Mimea mingi ya prairi huishi kwa ushirika na kuvu wanaojipenyeza kwenye mizizi yake na kuiletea fosforasi na maji, nao hupokea sukari kutoka kwa mmea. Kilimo cha muda mrefu hubadilisha kundi la kuvu hao. Majaribio yaliyofanywa Kansas na kwingineko yanaonyesha kwamba mimea inayokuja mwisho katika mfululizo wa mimea inayofuatana ardhini, ile ile ambayo warejeshaji hulalamika kwamba haioti, ndiyo inayowategemea zaidi kuvu wa asili, na kwamba miche yake hustawi vizuri zaidi inapopandwa pamoja na udongo au kuvu waliotoka kwenye prairi isiyolimwa. Magugu hayana haja hiyo.

Moto, wanyama na sehemu zinazoachwa

Prairi haikuwahi kuishi bila usumbufu. Moto uliondoa majani makavu na vichaka, baisani, ng'ombe-mwitu wakubwa wa Amerika ya Kaskazini, walikula nyasi, na ukame uliyapunguza yote kwa zamu. Eneo lililorejeshwa lisipochomwa kwa miaka mingi huvamiwa na vichaka na miti, na katika sehemu zenye mvua nyingi za Wisconsin na Illinois mabadiliko hayo huchukua muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Hali hii huyakumba hata mabaki ya asili. Mark Leach na Thomas Givnish walirudi kwenye mabaki 54 ya Wisconsin ambayo Curtis na wanafunzi wake walikuwa wameyaorodhesha karibu na 1950, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996 walionyesha kwamba kati ya asilimia 8 na asilimia 60 ya spishi zilikuwa zimetoweka katika mabaki hayo kwa kipindi cha miaka 32 hadi 52, hasa mimea mifupi, yenye mbegu ndogo, na ile inayofunga naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, ambayo ndiyo tungetarajia ipotee moto unapokosekana.

Hata hivyo moto peke yake haumalizi kazi. Katika kituo cha utafiti cha Konza Prairie, Kansas, ambako mbuga haijawahi kulimwa lakini ilikuwa imewapoteza wanyama wake wakubwa, baisani walirudishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Takwimu za miaka 29, zilizochapishwa mwaka 2022, zilionyesha kwamba pale walipolisha mwaka mzima idadi ya spishi za asili katika maeneo madogo iliongezeka karibu mara mbili ikilinganishwa na pasipolishwa, na ongezeko hilo lilistahimili hata ukame mkali wa miaka ya 2011 na 2012. Ng'ombe nao waliongeza spishi, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Baisani hupendelea nyasi, huziacha sehemu nyingi za mimea ya maua, hujigaragaza na kuacha mashimo ya vumbi ambayo hujaa maji ya mvua, na kwa jumla huvunja utawala wa nyasi ndefu unaoelezwa hapo juu. Nachusa Grasslands huko Illinois, iliyoanza kurejeshwa mwaka 1986, ilipokea baisani mwaka 2014 kwa matumaini hayo, na inafaa kufuatiliwa kwa sababu huko wanyama hao wanatembea juu ya vipande vya asili na vilivyopandwa kwa pamoja.

Tahadhari moja ambayo mameneja wa moto huisahau ni kwamba wadudu wengi hulala msimu wa baridi ndani ya mashina na majani makavu. Eneo dogo likichomwa lote kwa siku moja, wadudu hao huteketea na hawana pa kurudia kutoka. Kuna ndege pia, kama shomoro wa Henslow, anayejenga kiota mahali penye majani makavu ya miaka miwili au mitatu. Kuchoma kwa vipande na kwa zamu, na kubadilisha majira ya kuchoma, kunagharimu zaidi, lakini ndiko kunakoacha nafasi kwa viumbe hawa.

Faida zisizosubiri

Si kila faida inangoja karne. Katika hifadhi ya wanyamapori ya Neal Smith, Iowa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walipanda kuanzia mwaka 2007 michirizi ya prairi ndani ya mashamba ya mahindi na soya. Kugeuza takriban asilimia 10 ya shamba kuwa michirizi hiyo kulipunguza udongo unaochukuliwa na maji kwa asilimia 95, kukapunguza kwa kiasi kikubwa fosforasi na naitrojeni zinazotiririka, na kukaongeza wachavushaji na ndege. Matokeo hayo yalionekana ndani ya miaka michache. Bombus affinis, nyuki bambi aliyeorodheshwa na Marekani mwaka 2017 kuwa katika hatari ya kutoweka, hupatikana katika bustani ya Madison, ambako maua yapo tangu majira ya kuchipua hadi vuli. Kwa udongo na maji, hata prairi yenye spishi chache inasaidia sana; kwa nyuki anayehitaji maua miezi yote ya joto, haitoshi.

Kinachobaki nyuma

Swali gumu zaidi ni la mwisho wa safari: je, ardhi iliyolimwa hurudi ilivyokuwa? Jibu lililo wazi zaidi linatoka Cedar Creek, Minnesota, ambako kuna mashamba yaliyoachwa katika miaka tofauti tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Forest Isbell na wenzake waliyalinganisha na ardhi ya jirani ambayo haijawahi kulimwa. Baada ya miaka 91, mashamba hayo yalikuwa na takriban robo tatu tu ya wingi wa spishi na karibu nusu ya uzalishaji wa mimea. Hayo ni mashamba yaliyoachwa yajirudie yenyewe, kwenye udongo wa kichanga, bila kusiwa mbegu, hivyo mtu asiyahesabu kuwa hukumu juu ya urejeshaji. Yanatupa kipimo cha chini, yaani kiasi ambacho muda pekee unaweza kukifanya. Palipo na mbegu nyingi, moto na malisho, matokeo huwa mazuri zaidi ya hapo, lakini hata Curtis Prairie, yenye karibu miaka 90 ya kazi na uangalizi, bado inatofautiana na mabaki yaliyo bora.

Kutokana na hayo, msimamo wangu kuhusu mpangilio wa fedha ni huu: hekta moja ya prairi isiyolimwa inayokaribia kuuzwa au kulimwa inapaswa kuja kabla ya hekta kumi za kupanda upya. Hiyo ndiyo chanzo cha mbegu, cha kuvu na cha wadudu, na hakuna kitalu kinachoweza kuizalisha. Pia mbegu zinazochumwa humo lazima zichumwe kwa kiasi, kwa kuwa mabaki mengi ni madogo kiasi kwamba mavuno ya pupa ya misimu michache yanaweza kuipunguza mimea ya muda mfupi.

Kwa anayepanga kupanda leo, iwe ni shule, manispaa au mkulima, mambo yafuatayo yawekwe kwenye bajeti kabla mbegu haijanunuliwa. Alama za kudumu za chuma ziwekwe kwenye pembe za viwanja vya kuhesabia, ili fremu iwekwe mahali palepale kila mara. Hesabu ifanyike katika mwezi uleule, na mtu anayeweza kuitambua miche kabla haijatoa maua. Orodha kamili ya mbegu zilizosiwa, kwa uzito na chanzo cha kila spishi, itunzwe mahali ambapo mrithi wa kazi ataikuta, pamoja na kumbukumbu za tarehe za moto na za palizi. Gharama za kuchoma, kung'oa vichaka na kuongeza mbegu zipangiwe angalau miaka 20, na ukaguzi wa mwaka wa tano uandikwe kwa jina lake halisi, yaani taarifa ya kuota.

Mwisho, vipimo vichukuliwe pia kwenye kipande cha karibu ambacho hakijalimwa, kama kipo, kwa sababu spishi 12 katika mita ya mraba ni habari njema au mbaya kutegemea kama jirani yake ana 14 au 26.